Fishi za Rangi Mbili

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Leo Mzee Astère, prezida wa klabu yetu, ametangaza. Klabu ya ping-pong haina katibu, haina daftari, na hakuna anayejua kwa uhakika nani ni mwanachama na nani anakuja tu kukaa kwenye benchi na kumaliza maji yetu ya kunywa. Katibu wa zamani alivuka ziwa kwenda Kigoma mwezi wa nane, na daftari likaenda naye. Huenda sasa linafungiwa karanga. Padri, mwenye ukumbi, anataka kuhakikishiwa kwamba kila anayeingia anajulikana. La sivyo anafunga mlango. Nyakati kama hizi, amesema, hawezi kukaa na watu asiowajua nyuma ya kanisa lake. Jumamosi tunachagua mfumo wa kuweka kumbukumbu za wanachama. Mwenye mfumo bora ndiye Katibu.

Katibu! Kiti cha katibu kina mikono. Vingine vyote ni benchi. Tena nimeshamwandikia shemeji yangu kule Uvira kwamba nimekuwa Katibu tangu Septemba, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Mpinzani ni mmoja tu: Hyacinthe. Anafanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta. Anajipaka manukato kabla ya kucheza, wakati sisi wengine hata baada hatujipaki. Alisimama akasema atatia klabu nzima ndani ya disketi moja, akaitoa mfukoni, ikapitishwa mkono kwa mkono. Nikauliza kwa upole: umeme ukikatika, hiyo disketi inasomwa kwa mshumaa? Watu wakacheka sana. Hyacinthe hakucheka. Safi kabisa.

Mfumo wangu ni fishi. Kadi ngumu, moja kwa kila mtu, zimesimama kwa mpangilio ndani ya sanduku. Hazitaki umeme. Hazitaki ofisi. Zinanitaka mimi tu.

Mzee Astère alimalizia kwa maneno ambayo sikuyafuata vizuri, maana nilikuwa nachora sanduku. Kitu kama: huu ndio ukumbi pekee anaoujua mjini ambamo mtu wa mtaa ule na mtu wa mtaa huu bado wanarudishiana mpira, tusije tukauvunja kwa makaratasi. Mzee anajua kuongea.

Jumanne, 10 Novemba

Tatizo: karatasi ngumu. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, hapa dukani ninapofanya kazi, mtaa wa Asiatique, tunauza kilichopo, na kilichopo si kingi. Nyeupe hakuna. Bosi akanionyesha maboksi mawili stoo, kadi za kabla ya vita, moja rangi ya waridi, moja kijani. Akasema nizichukue tu, panya wameshaanza. Nilikaribia kumkumbatia. Waridi na kijani! Disketi ya Hyacinthe ni nyeusi kama kifuniko cha sufuria.

Sasa, kuandika nini juu yake? Hyacinthe anajigamba ana safu tano. Basi mimi nitakuwa na mistari kumi na nane. Kielelezo nilikipata kwenye fomu ya zamani ya serikali iliyokuwa imefungia misumari. Jina. Jina la baba. Jina la mama. Kilima anakotoka, maana vijiji vya huku ni vilima. Komuni, yaani tarafa. Mkoa. Mtaa anaoishi sasa. Halafu nikaongeza mstari wangu mwenyewe, na nakiri kwamba niliuandika huku natabasamu: mtaa aliokuwa anaishi kabla ya 1993, na sababu ya kuhama.

Hilo Hyacinthe hajalifikiria! Mimi si mtu wa hapa, lakini nimekaa mji huu miaka kumi na moja, na nimeona jinsi watu walivyohamahama vita vilipoanza, kila upande ukakimbilia mitaa yake. Kumbukumbu bila historia ni kumbukumbu gani?

Jioni mizinga ilinguruma upande wa milimani. Mstari wa kumi na moja umepinda kidogo kwenye baadhi ya fishi.

Jumatano, 11 Novemba

Nimegawa fishi. Sielewi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, meza zote tatu zinachezwa, kelele tele. Waliotangulia niliwapa za waridi. Zilipoisha nikaendelea na za kijani. Baada ya muda mfupi mipira ikaacha kugonga. Nilidhani wanasoma kwa makini, nikafurahi.

Prodige ni fundi wa baiskeli, ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote klabuni. Leo alinijia akaniita jina kwa kunong'ona. Prodige, kunong'ona! «Musafiri, juu ya nini yangu ni ya roze na ya Dévote ni ya kijani?»

Hapo ningeweza kumwambia ukweli, kwamba ni panya na vikwazo. Lakini Hyacinthe alikuwa karibu anasikiliza, nami nilitaka nionekane mtu wa utaratibu. Nikasema kwa sauti ya kiofisi kwamba rangi zina mpango wake, wataelezwa wakati ukifika.

Nikawaona wanaanza kutazamana. Kila mtu anatazama fishi yake, halafu ya jirani yake, halafu uso wa jirani yake. Mwenye waridi anahesabu wenye waridi. Mwenye kijani anahesabu wenye kijani. Nikasema moyoni, rangi zimewagusa.

Dada Dévote ndiye mchezaji wetu bora. Ni mshonaji, anacheza kwa mkono wa kushoto, na hajawahi kunipa seti hata moja. Alikuwa katikati ya mchezo, anaongoza. Akaisoma fishi yote mpaka chini. Akaiweka mezani kifudifudi. Akavua viatu vya mchezo, akavaa kandambili, akaondoka bila kumtazama mtu. Prodige akatoka kwa mlango wa pili. Kisha wawili, kisha watano. Ukumbi ukabaki na mimi, Hyacinthe na nyavu.

Hyacinthe aliniuliza kama najua nimewauliza watu kitu gani. Nikamwambia wivu utamuua. Akanisaidia kuokota fishi sakafuni, moja moja, akizigeuza zote kifudifudi. Ameshaona kwamba atashindwa.

Alhamisi, 12 Novemba

Hakuja mtu. Yaani hakuja mtu! Meza tatu, raketi kwenye misumari yake, na sisi watatu: Astère, Hyacinthe, mimi.

Mzee aliuliza fishi ziko wapi. Nikasema ziko mahali salama. Zilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya benchi, nami nimeshajaza majina yote kwa mwandiko mzuri. Akasema nizichome leo leo. Nikaitikia ndiyo, kwa maana ya kwamba nimemsikia.

Halafu akakaa. Alisema klabu hii aliianzisha mwenyewe. Mwaka wa tisini na tatu ilifungwa majuma machache tu, na siku ya kufungua walikuja wanne, wawili wa upande huu na wawili wa upande ule, wakacheza bila kusema neno mpaka jioni. Alisema kama Jumamosi watu hawatarudi, atampa Padri ufunguo na basi. Mzee wa watu! Nilimhurumia kwa moyo wote, na bila klabu hakuna kiti cha mikono kwa mtu yeyote.

Ndipo wazo likanijia, palepale, kama chafya. Kosa langu ni kuwapa watu kazi ya kujaza. Watu ni wavivu. Kama wanachama hawaji kwenye fishi, fishi ziende kwa wanachama! Nitapita mitaani kwao mwenyewe, nitauliza majirani, nitajaza kila mstari. Jumamosi naingia na sanduku limekamilika. Hyacinthe atameza disketi yake.

Nitaanza na Dévote. Anakaa Buterere.

Ijumaa, 13 Novemba

Suruali bado ina tope. Nitaandika hivyo hivyo.

Bosi alinipa ruhusa saa za mchana. Nikaenda Buterere kwa baiskeli, mkoba begani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote tope, mashamba ya mpunga yamejaa mpaka ukingoni. Mama mmoja alikuwa anaanika mihogo chini ya paa. Nikamsalimu vizuri. Nikamuuliza habari za Dévote mshonaji: baba yake nani, wanatoka kilima gani, na kabla ya vita walikuwa wanakaa mtaa upi.

«Apana,» akasema. «Mi simujui.»

Nyuma yake, juu ya kamba, ilikuwa imeanikwa jezi ya klabu yetu.

Nyumba ya pili walifunga mlango kabla sijamaliza kusalimu. Nyumba ya tatu walitoka wanaume watatu. Walikuwa wapole mno. Waliniuliza nani amenituma. Nikasema klabu. Wakaniuliza klabu gani inayouliza mambo ya kabla ya vita. Nikasema ya ping-pong. Wakatazamana. Mmoja akachukua baiskeli yangu, mmoja akachukua mkoba, wa tatu akanishika mkono juu ya kiwiko, taratibu, kama anayemsindikiza mgonjwa. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani.

Koplo alimwaga mkoba juu ya meza ya mbao. Waridi na kijani. Akaokota moja akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Jina la baba. Kilima. Alipofika kwenye mtaa wa kabla ya 1993 alirudi akausoma tena.

«Iyi liste ni ya nani? Nani alikutuma?»

Nikasema ni yangu. Hilo lilikuwa jibu baya. Akauliza wa waridi ni akina nani. Nikasema ni waliowahi. Waliowahi nini? Kufika. Na wa kijani? Waliochelewa. Akaniuliza tena, polepole, kama napenda kumwona akikasirika. Nikamweleza habari za panya. Hapo akaomba kitambulisho, akaona mimi ni mgeni, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, mwenye mkoba wa majina ya wenyeji na vilima vyao. Akaniambia nivue viatu nikae chini.

Nilikaa kwenye tope. Askari wawili waliongea kwa Kirundi kando yangu, kwa kudhani sielewi. Naelewa. Leo nilitamani nisielewe. Mmoja alisema wasingoje giza. Nilitaka kusali, nikakuta nakumbuka Baba Yetu mpaka nusu tu.

Halafu akaja Dévote. Sijui nani alimwita. Alikuja kwa miguu, utepe wa kupimia bado shingoni, akasimama mbele yangu akanitazama. Angeweza kusema hanijui. Niliona kabisa kwamba anafikiria. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyoogopa uso ule.

Akamgeukia koplo. «Uyu mutu ni mujinga tu. Anacheza ping-pong na sisi. Hata serevisi ajui.»

Koplo hakuamini. Akasema kama kweli nacheza, nicheze. Mfukoni nilikuwa na mpira mmoja. Raketi hakuna. Askari akanitupia kandambili yake. Basi nikasimama, miguu mitupu, kandambili ya mwanajeshi mkononi, bunduki tatu zinanitazama. Nikarusha mpira juu. Nikafanya serevisi yangu ya kuzungusha, ile ninayoiamini zaidi. Mpira ukanipita begani, ukaenda nyuma, ukatumbukia kwenye mpunga.

«Mumeona?» akasema Dévote.

Koplo ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote, mpaka yule wa giza. Walinifanya nirudie mara mbili bila mpira. Kisha koplo akaniamuru nichane fishi zote kwa mikono yangu, moja moja, nizitupe mferejini. Kazi ya siku nne! Vipande vilielea kuelekea mashambani, waridi na kijani vimechanganyika, na hapo tu ndipo nilipoanza kulia.

Dévote alinisindikiza mpaka barabara ya lami. Nilimshukuru. Akasema nisirudi tena mtaani kwao.

Jumamosi, 14 Novemba

Walikuja. Wote! Habari ya kandambili ilikuwa imefika mjini kabla yangu, na hakuna aliyetaka kuikosa. Prodige alipanda juu ya benchi akaigiza serevisi yangu kwa kiatu chake mwenyewe, sauti yake imerudi yote. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wa waridi na wa kijani. Nilijikaza kisabuni. Ni vizuri klabu ikichangamka.

Hyacinthe aliomba neno la kwanza. Alitoa disketi. Alisema ameshaandika majina ya watu kumi na tisa pamoja na mitaa yao, na tangu Jumatano halali vizuri. Ofisini kwao kila mtu anapita mbele ya ile kompyuta. Akaivunja disketi mikononi, mbele ya watu wote, akaweka vipande mezani.

Mpinzani kajitoa mwenyewe! Nikainuka. Mzee Astère akaniambia, kaa chini Musafiri.

Halafu mzee akaleta mfumo wake, ambao hata si mfumo. Kopo la maziwa ya unga lenye vikaratasi vya namba. Kila mtu anachota kimoja, anaandika namba hiyo kwenye mpini wa raketi yake, basi. Kitakachoandikwa ni namba tu. Namba fulani imekuja, namba fulani haikuja. Bila jina, bila baba, bila kilima. Na Padri? Mzee alisema jana alikwenda kwake, akamwambia kwamba anawajua wote, mmoja mmoja, kwa nyuso zao, na kama lolote likitokea waanze na kichwa chake yeye. Padri akakubali.

Mikono yote ikainuka. Na wangu, maana walikuwa wananiangalia.

Ukatibu wakampa Dévote! Alikaa kwenye kiti cha mikono bila hata kuigusa ile mikono. Hasara tupu. Halafu watu wakacheza mpaka karibu na saa ya amri ya kutotoka nje, na ilibidi Astère azime taa ili waende nyumbani. Mimi nilichota thelathini na moja. Sitamwandikia shemeji kwa sasa.

Jumapili, 15 Novemba

Baada ya misa Dévote alinikuta nje, akaniomba tukae kidogo kwenye ngazi. Nilidhani anataka ushauri wa kikatibu.

Alinisimulia habari za kaka yake. Alikuwa fundi kwenye karakana fulani mjini. Mwaka wa tisini na tano, asubuhi moja, watu waliingia uani na karatasi. Ilikuwa imetoka palepale ofisini: majina ya wafanyakazi na mitaa wanayokaa, kitu cha kawaida, kila karakana inayo. Wakaanza kuita majina. Mafundi walidhani ni zamu za kazi. Jina la kaka yake lilipofika, aliitika, «Niko», kwa sauti nzuri, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu.

Aliyasema yote kwa sauti moja, anaangalia magari yanayopita, na hakulia. Mimi nililia. Nililia kweli, mbele ya watu wanaotoka misa, mpaka mama mmoja akanipa leso. Nilimwambia Dévote kwamba nimeelewa. Nikamwapia kwa mama yangu kwamba mambo ya majina nimeyaacha leo, mbele ya kanisa, moja kwa moja. Akanishika bega. Akasema ni sawa, Musafiri, tuonane Jumatano. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Nikala. Nikapumzika kidogo. Nikafikiri.

Ukiitazama habari ile kwa utulivu, kosa halikuwa la karatasi. Kosa ni kuiacha wazi ofisini, mtu yeyote anaingia anachukua. Ni suala la utunzaji. Na namba za Mzee Astère ni nzuri, sikatai, lakini mzee ana miaka sitini na kitu na kikohozi. Akiugua, nani atajua namba ipi ni nani? Dévote? Anajua mpira, hajui utawala. Lazima awepo mtu mmoja, mwaminifu, mwenye kumbukumbu, anayeweka ufunguo wa namba. Jana walipokuwa wanachota nilikuwa karibu na kopo, na macho yangu ni mazima.

Bahati nzuri bosi amepata karatasi nyeupe. Rangi moja tu, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Nimeanza mchana huu. Namba kumi na nne: Dévote, Buterere, nyumba ambayo mbele yake mama mmoja huanika mihogo, jezi kwenye kamba. Njia ya kwenda sasa naijua vizuri, nimeichora kidogo pembeni. Kufikia saa kumi nilikuwa nimemaliza zaidi ya nusu ya klabu, na mwandiko umetulia kuliko wa kwenye fishi.

Nakala moja tu ni hatari. Ikipotea, kazi yote imepotea. Kesho nitapita kwenye mashine ya fotokopi pale Asiatique nitoe tano: moja ya kwangu, moja ya Padri, moja ya bosi aiweke kaunta, moja ya Hyacinthe ili aone kwamba sina kinyongo, na moja niibandike ukumbini, mlangoni, kila mtu aangalie kama nimepata mtaa wake sawasawa.